Tabasamu, Dirisha Limefungwa: Kwa Nini Maneno Matamu ya Ukutani Hayatuingii

Benchi la mbao, saa nne asubuhi, hospitali moja ya umma hapa Mombasa. Mbele yetu dirisha la dawa limezibwa kwa kipande cha boksi. Juu ya dirisha pana bango la plastiki, jua la manjano linacheka, na chini yake maneno: "Tabasamu! Wewe ni wa thamani." Nilikuwa hapo tangu saa moja na nusu, na bango nilishalisoma hadi nikazijua kasoro zake, herufi ya mwisho ilikuwa imebanduka pembeni. Bi mkubwa aliyekaa kando yangu, shavu limemvimba kama aliyetia andazi mdomoni, akanigeukia.

"Mwanangu, lasema nini lile? Macho yangu hayafiki."

Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, mkono shavuni.

"Wan'ambia nitabasamu," akasema, "na jino ndilo lililonileta."

Benchi zima likacheka. Ukipenda kuhesabu kwa ukali, bango lilitimiza kazi yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama kwa makini mabango ya namna hii. Yako kwenye kuta za shule, kwenye kumbi za benki, kwenye ofisi tunakopanga foleni, kwenye mizunguko ya barabara. "Unaweza." "Leo ni siku njema." "Pamoja tutafika." Mengi yako kwa Kiingereza, hata pale ambapo wanaopita hapo siku nzima huongea Kiswahili, na hilo peke yake lingetosha makala nyingine. Watu hupita, husoma, kisha huguna. Ni mguno mfupi, wa puani. Ninachotaka kueleza hapa ni huo mguno unakotoka.

Jibu la haraka ni kwamba watu wa Mombasa tuna dhihaka, au tumekata tamaa, au roho zetu mbaya. Halinitoshi, kwa sababu mji huu huu umejaa maandishi ambayo watu huyaamini, huyapenda, na hata huyatolea fedha.

Chukua kanga. Nenda Barabara ya Biashara usimame dukani nusu saa tu. Mwanamke akifunguliwa doti, jicho lake la kwanza huenda kwenye jina, yale maneno yaliyoandikwa. Mji wa katikati na pindo baadaye, rangi baadaye. Jina likimkataa, kanga hurudi rafuni hata iwe inang'aa vipi. Biashara ya kanga iliyoanzishwa hapa Mombasa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887, ile yenye alama ya "Mali ya Abdulla", imejulikana pwani nzima. Na maneno ya kanga za kale yaliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya kuhamia kwenye herufi tunazosoma leo. Kwa hiyo si kweli kwamba sisi ni watu wasiopenda maneno kuandikwa hadharani. Tumeyavaa mwilini tangu enzi za mabibi zetu.

Na mengi ni matamu. "Wema hauozi." "Japo sipati tamaa sikati." "Sisi sote abiria dereva ni Mungu." Yatoe kwenye kitambaa uyabandike juu ya dirisha la dawa, na ghafla yanapoa. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni nini?

Kanga ina msemaji: ni aliyeivaa, na uso wake uko palepale juu ya maneno yake. Ina msemwa, hata asipotajwa. Jirani anajijua, wifi anajijua, mume aliyerudi saa nane za usiku anajijua. Tena imemgharimu mwenyewe, kwanza bei ya doti, na zaidi ya bei, hatari ya kujibiwa. Mwanamke anayepita na "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" anafahamu fika kwamba kesho kutwa kanga nyingine itapita mlangoni kwake. Na kanga tamu ni hivyo hivyo: mama anapomfunga bintiye kanga ya dua siku ya kuondoka nyumbani, dua ile ina mwenyewe, na binti anaweza kurudi kumshika mkono.

Bango la tabasamu nani kalisema? Si daktari, yeye nimemwona hatabasamu. Si mfamasia, hayupo. Si mchoraji, kalipwa. Linaambiwa nani? Yeyote mwenye macho. Limemgharimu nini aliyeagiza? Fedha, labda, na si zake. Ukilijibu, jibu lako laenda wapi?

Lugha yetu, kwa bahati, haimwachi mtu afiche mambo haya kirahisi, maana kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hubeba mtenda ndani yake. Sikiliza: "Tuupende mji wetu." Hapo pana *tu-* na pana *-etu*, sisi mara mbili katika maneno matatu. Lakini ni sisi gani? Anayesoma akiwa na mkokoteni wa mitungi ya maji, kwa kuwa mfereji mtaani kwao haujatoa tone wiki nzima, na aliyeliagiza bango akiwa ofisini, wametiwa kwenye *tu-* moja kama abiria wa feri moja. Sasa linganisha na "Taka zachukuliwa Jumanne." Halina upendo hata kidogo, lakini lina ahadi. Jumanne ikifika na gari lisije, unajua ni nani kasema uongo. "Tuupende mji wetu" haliwezi kuwa uongo, na kwa sababu hiyo hiyo haliwezi kuwa kweli.

Waingereza waliwahi kuumbuliwa na jambo hili hili. Mwaka 1939, vita vilipoanza, Wizara yao ya Habari ilitoa mabango ya kuwatia watu moyo. Moja lilisema, kwa tafsiri yangu: "Ujasiri wako, uchangamfu wako, uthabiti wako utatuletea ushindi." Wako, wako, wako, kisha *-tu-*. Wakosoaji hawakukawia kuona: wa kuvumilia ni ninyi, wa kushinda ni sisi. Kulikuwa na bango jingine la familia hiyo hiyo, jekundu lenye taji, likiwaambia watu watulie na waendelee na shughuli zao. Hilo zilichapishwa nakala zaidi ya milioni 2.4, zikawekwa akiba, karibu zote zikasagwa mwaka 1940 kwa sababu karatasi ilikuwa adimu. Nakala moja ikaibuka mwaka 2000 ndani ya sanduku la vitabu vya mnada katika duka la vitabu la Barter Books, mji wa Alnwick. Kutoka hapo limeenea duniani, kwenye vikombe, fulana, mikoba. Hata sokoni Kongowea nimeliona, kwenye fulana ya mitumba, mgongoni kwa kijana mpakuzi wa magunia. Watu wengi hulitaja kama bango lililowavusha Waingereza vitani, na Waingereza karibu wote wa wakati ule hawakuliona.

Sisi tuna historia yetu ya maneno matamu, na haina kicheko. "Amani, Upendo na Umoja" ilikuwa falsafa ya Nyayo, wimbo wa serikali ya Rais Daniel arap Moi kuanzia 1978 hadi alipoondoka 2002. Tuliisoma madarasani, tuliisikia redioni, tuliiimba gwaride. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1982, Kenya ilifanywa kwa sheria kuwa nchi ya chama kimoja, na katikati ya miaka ya themanini watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, waliteswa kwenye vyumba vya chini ya jengo la Nyayo House jijini Nairobi. Neno juu, chumba chini. Mtu wa umri wa baba yangu aliyeishi hayo, ukimwekea leo ubao wa "Upendo Hushinda" mbele yake, usitegemee apige makofi. Amejifunza kwamba neno jema linaweza kuwa pazia. Hata kwenye uchaguzi wa 2013, mahubiri ya amani yalipojaa kila mahali, wapo waliolalamika kwamba amani imegeuzwa njia ya kumwambia mwenye swali anyamaze.

Basi mguno si tabia mbaya. Ni kumbukumbu.

Watafiti nao wamelipima hili kwa njia zao. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu waliambiwa warudie sentensi ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wanajiona vizuri tangu mwanzo walinufaika kidogo. Waliokuwa wanajidharau, yaani hasa wale waliokusudiwa dawa hiyo, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakuirudia. Maelezo yao ni kwamba sentensi isiyolingana na unavyojiona huamsha ushahidi wa kuipinga: ukiambiwa una thamani, moyo unaanza kuorodhesha yote yanayosema huna. Wengine waliojaribu tena baadaye hawakuyapata matokeo hayo, kwa hiyo tusiyashike kama msahafu. Lakini yule bi wa jino angewaelewa watafiti wale bila kuhitaji chuo.

Jaribio jingine, la Groningen, Uholanzi, lilitolewa mwaka 2008 na Kees Keizer na wenzake, na hili nalipenda zaidi kwa sababu lina ukuta. Kwenye kichochoro watu wanapoegesha baiskeli paliwekwa kibao cha kukataza kuchora ukutani. Siku nyingine ukuta ulikuwa safi, siku nyingine umechorwachorwa, kibao kikiwa palepale. Kila baiskeli ilitundikiwa kikaratasi cha tangazo, na hapakuwa na pipa. Ukuta ukiwa safi, asilimia 33 walikitupa chini. Ukuta ukiwa umechorwa, asilimia 69. Watu walikuwa wakisoma maandishi mawili kwa pamoja, ya kibao na ya ukuta wenyewe, na yakigongana waliuamini ukuta.

Mkazi wa Mombasa anajua habari hii kwa pua. Miaka mingi ukiingia kisiwani kwa barabara ya Makupa ulipokewa na jaa la Kibarani, moshi na harufu, na bango lolote la kukaribisha wageni lilikuwa likishindana na upepo. Jaa lilipofungwa, taka zikaelekezwa Mwakirunge na pale pakapandwa miti, sikumbuki mtu aliyedai pawekwe maandishi ya kusema pamependeza. Vivyo hivyo agizo la kaunti la mwaka 2018, majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na bluu. Lile lilikuwa bango lisilo na herufi: mji mchangamfu, mji safi. Wapo waliolifurahia, nami nakiri barabara zilipendeza kwenye picha. Ila rangi ilinunuliwa na wenye majengo. Ujasiri wako, rangi yako.

Mfano mzito kuliko yote niujuao ni wa Seoul. Mwaka 2012, kwenye daraja la Mapo ambalo lilikuwa na sifa mbaya ya watu kwenda kujidhuru, kampuni ya bima na mji waliweka maneno ya upole kwenye kingo, yakiwaka taa mtu anapopita. Mengine yalikuwa ya kawaida kabisa, kama vile kuuliza umeshakula. Nia ilikuwa njema. Mwaka 2013 kazi ile ikapata tuzo za matangazo kule Cannes. Wakati huo huo idadi ya majaribio ya watu kujidhuru kwenye daraja hilo ilipanda badala ya kushuka. Huenda sifa zenyewe ziliwavuta watu, kwa hiyo si haki kuyabebesha maneno lawama yote. Baadaye yakaondolewa. Kingo zilizoinuliwa na mtu wa kuongea naye kwenye simu havipati tuzo za matangazo, lakini ndivyo wanaoshughulika na mambo haya huvitegemea.

Nikifika hapa rafiki yangu mmoja, mwalimu wa msingi huko Mikindani, hunikatiza. Yeye ana karatasi za manila darasa zima, kaziandika kwa mkono wake: kila mtoto ana kipaji, kukosea ni kujifunza, na kadhalika. "Watoto wangu wayaamini," huniambia, "na wewe umezeeka kabla ya umri." Nimeingia darasani kwake. Ni kweli wanayaamini. Lakini mtoto akikosea hesabu ubaoni, mwalimu huyu humwita kwa jina, humsogezea chaki, humwambia arudie. Karatasi ina msemaji, yupo, na watoto wamemjaribu wakamwona hageuki. Nikimwambia hivyo hudai nimehamisha magoli.

Kwa upande huo huo naiweka kazi ya Solo 7, mchoraji wa Kibera. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mtaa unawaka, alizunguka na rangi akiandika maneno ya kutaka amani kwenye kuta, kwenye mabati, barabarani. Ni neno lile lile tulilochoshwa nalo. Ila yeye aliliandika nyumbani kwake, wakati kuliandika kulikuwa na hatari.

Na kuna vibandiko vya matatu. Hivi navikalia kidogo, maana ni vyetu na vimepimwa. Wachumi James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu za masafa marefu za Kenya vibandiko vilivyowaambia abiria wapaze sauti dereva akiendesha ovyo. Matatu zilichaguliwa kwa bahati nasibu, nyingine zikaachwa bila kitu ili kulinganisha. Matokeo waliyoyachapisha 2011: madai ya bima ya ajali yalishuka kati ya nusu na theluthi mbili. Walipopanua jaribio, na kuchapisha tena 2015, yalishuka kati ya asilimia 25 na 33. Kampeni ikajulikana kwa jina la Zusha.

Kwa karatasi yenye gundi, hayo ni makubwa mno, na sababu yake si utamu wa maneno. Kibandiko hakikumwambia abiria kwamba maisha yake ni ya thamani. Hilo analijua, ndiyo maana ameshika kiti kwa mikono miwili. Kilimwambia: dereva huyu, mwambie, sasa. Msemwa yupo hatua tatu mbele, ana masikio, anaweza kupunguza mwendo. Tena abiria aliyekuwa akiogopa kuonekana mshamba alipata kibali, kwa kuwa wenzake kumi na watatu walikuwa wamesoma kitu kile kile. Na nyuma ya kibandiko palikuwa na gharama: madereva waliokutwa hawajavibandua waliingizwa kwenye droo ya fedha. Kuna mtu alitoa pesa kuhakikisha maneno yale hayabanduki.

Ninaye fundi wa maandishi, mzee wa Majengo, aliyeandika mbao za nusu ya maduka ninayoyajua. Siku hizi mashine za kuchapa zimemla soko, amebakiwa na kuta na mageti. Nilimuuliza ni kazi gani huagizwa zaidi.

"'Nyumba hii haiuzwi,'" akanijibu bila kufikiri. "Na 'shamba hili haliuzwi.' Hiyo hainipigi chenga mwaka mzima."

"Na haya ya kutia moyo, ami? Tabasamu, unaweza?"

"Hayo huja kwa karatasi. Kijana aleta, asema ofisi yataka kumi, niandike." Akapuliza kahawa. "Lakini yakhe, wa 'haiuzwi' husimama hapa nyuma yangu mpaka nimalize. Nikikosea herufi moja, hunipigia kelele kama nimemuuzia nyumba mimi."

"Na wa tabasamu?"

"Sijamuona bado."

Nilirudi hospitali ile wiki mbili baadaye kuchukua dawa zilizobaki. Boksi bado liko dirishani, jua bado linacheka. Lakini chini ya bango mtu alikuwa amebandika, kwa plasta ya vidonda, karatasi iliyochanwa kwenye daftari, kalamu ya wino mzito, mwandiko wa haraka uliopanda mlima: "Dawa leo chumba nambari 9. Fuata mlango wa kijani." Tulikuwa kama wanane kwenye benchi. Mmoja akasoma kwa sauti, tukanyanyuka sote, tukaufuata mlango wa kijani.